Kelele za Chura

Tarehe 3 Machi

Baba, shikamoo. Hamjambo huko? Mimi mzima, tumbo limetimiza miezi mitano. Ule ujumbe wa sauti ulionitumia magharibi nimeusikiliza mara tatu. Nimemsikia mama akikusema, nimesikia ndoo, nimesikia kuku. Vyura sijawasikia. Wamekwenda wapi?

Kitindamimba wako

Tarehe 10 Machi

Mwanangu, marahaba. Wazima sote isipokuwa goti langu, ila wewe unaulizia vyura! Haya, lile dimbwi la nyuma ya nyumba nimelifukia kwa kifusi. Nakujengea chumba, uje upumzikie uzazi kwetu, ulale bila makelele. Msingi tayari. Mama yako alinung'unika, nikamwambia kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Baba yako, fundi

Tarehe 18 Machi

Baba, shikamoo. Goti vipi? Habari ya chumba imeniliza kwa furaha. Ila usinichoke, nina swali. Maji ya mvua yalikuwa yakikaa dimbwini mpaka kiangazi. Sasa yanakaa wapi? Na kisima kiko hatua ishirini tu kutoka pale. Zamani ndoo iligusa maji kamba ikifika fundo la saba. Hebu nihesabie.

Kitindamimba wako

Tarehe 27 Aprili

Mwanangu, marahaba. Nimekawia kwa aibu. Ni fundo la kumi na moja, na ndoo inapanda na matope. Fundi nimeshindwa na fundo! Mama yako anafuata maji mbali na hanisemeshi. Kumbe kelele zao hazimzuii ng'ombe kunywa, kimya chao ndicho kinachomzuia. Nimebomoa msingi, natoa kifusi kwa toroli. Chumba hakipo tena, nisamehe. Sijui kama maji yatarudi.

Baba yako

Tarehe 6 Mei

Baba, shikamoo. Pole na goti. Nitalala na mama, upande wa ukutani kama zamani. Lakini mtoto haogeshwi matope. Maji yasiporudi, nitajifungulia huku huku, ingawa roho itaniuma. Niambie ukweli, usinipambie.

Kitindamimba wako

Tarehe 24 Mei

Mwanangu, marahaba. Mvua imepiga siku nne, dimbwi limeshika maji. Kisima ni fundo la tisa, si la saba, lakini ndoo inapanda na maji safi. Jana magharibi tulikaa mlango wa nyuma, mama yako akanishika mkono ghafla. "Sikiliza," akasema. Alikuwa mmoja tu, sauti imemkauka kama yangu.

Njoo. Ila usitegemee kulala.

Babu wa huyo ajaye