Kitambaa Kisicho na Macho

Jumatano, 17 Julai

Leo miungu wamelala. Nimekikunja kitambaa chetu chenye picha ya mungu wetu kwa mikono yangu, nikakifukiza ubani, nikakifunga kamba nyekundu, nikakitia sandukuni. Miezi minne. Hakifunguliwi mpaka waamke, mvua ikishakwisha. Ndivyo alivyofanya mama mkwe, na mama mkwe wake yeye kabla yake.

Msimu wa mvua huwa tunapiga nyimbo za harusi tu pale jukwaani, kwenye kijiji cha watalii. Wageni hawajui tofauti. Wanapanda ngamia, wanakula chapati za uwele, wanapiga picha na Sugna, mcheza ngoma mwenye vyungu saba kichwani, wanarudi hotelini.

Nimefurahi. Mkono wangu wa kulia utapumzika kushika taa ya kukimulikia kitambaa.

Alhamisi, 25 Julai

Meneja Gajendra katuita ofisini, mimi na mume wangu, Baba Dakhu. Nikajua tu hapana heri — huyu bwana hajawahi kutuita wote wawili kutusifu.

Kuna kundi linakuja. Watu arobaini na wawili. Delhi, Agra, Jaipur, kisha sisi hapa Jodhpur, halafu Udaipur. Kila mji mchana ngome, jioni ngoma. Katuonyesha karatasi yao ya safari, na humo — sisi! Baba Dakhu na zeze lake, mimi na taa, nyuma yetu kitambaa kimetandazwa, mungu wetu juu ya farasi wake mweusi. Wanakuja kwa ajili ya hicho, anasema. Tarehe 17 Agosti.

Nikamwambia, meneja, miungu wamelala. Akasema basi waamsheni kidogo, robo saa, kisha walale tena. Na anacheka!

Baba Dakhu akamweleza kwa upole, yeye na upole wake huo. Kwamba lile si pambo. Lile ni hekalu letu, ila linakunjika. Meneja akasema hataki ugomvi na mungu wa mtu. Ila iko familia moja Nagaur, nao wana kitambaa, nao hawana masharti. Angeweza kuwapa kazi. Na chumba chetu.

Chumba chetu! Shule ya Dakhu iko ng'ambo ya barabara. Mtoto ndiyo kwanza ameanza kusoma herufi bila kukwama.

Jumapili, 28 Julai

Hatusemezani. Yeye anasema tutaomba radhi, tutatoa nazi, miungu wana huruma. Mimi nasema baba yangu naye alisema hivyohivyo. Alikifungua kitambaa mara moja tu, mwezi wa mvua, kwenye harusi ya tajiri mmoja. Ngamia wetu wawili wakafa. Kisha kaka yangu Bhera, homa ya siku tatu. Alikuwa na miaka tisa, umri wa Dakhu sasa.

Naogopa. Nimwandikie nani kama si daftari? Naogopa sana.

Jumapili, 4 Agosti

Nimepata njia! Nimeipata nikisugua sufuria.

Mchoraji hutia jicho la shujaa, yaani mungu wetu, mwisho kabisa, siku ya kukabidhi, mwenye kitambaa akiwa amesimama hapo hapo. Kabla ya jicho, ni nguo tu. Mchoraji mwenyewe hukaa juu yake akichora, hukunywa chai juu yake. Kikishatiwa jicho, hathubutu hata kukigusa kwa mguu. Basi! Tuchukue kisicho na macho. Tukitandaze, tuimbe robo saa, tukikunje. Mungu hayumo, hakuna aliyeamshwa.

Nimempigia simu Mzee Ghisulal, mchoraji, kule Bhilwara. Kacheka mpaka akakohoa. Anasema miaka hamsini hajaagizwa mungu nusu. Lakini anacho kimoja dukani, aliyekiagiza alifariki.

Sugna nilimuuliza kama wageni watagundua. "Hao? Juzi mmoja kaniuliza vyungu vyangu nimevigandisha kwa gundi gani. Shoga, hata ukiwatandikia shuka la kitandani watapiga makofi."

Baba Dakhu aliacha kukaza nyuzi za zeze.

"Kipofu?" akauliza.

"Kipofu. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Amekubali kwenda kukichukua.

Ijumaa, 9 Agosti

Karudi. Siku mbili za basi, macho mekundu. Nilimwambia kitambaa akisukume chini ya kitanda, kakiweka juu ya kabati. Dakhu alipotaka kupanda kabatini apate kuchungulia dirishani, akamkemea. Yeye, ambaye hajawahi kumkemea hata paka!

"Nguo tu hiyo, Baba Dakhu."

"Mpya. Atachafua."

Hakula vizuri. Anasema ni vumbi la safari.

Ijumaa, 16 Agosti

Mvua asubuhi, jioni kukavu. Meneja kanisimamisha njiani, kasema nivae ile sketi nyekundu ya vioo. Nikasema sawa. Kila anachotaka nasema sawa. Kesho ipite tu.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika nimekaa jukwaani, chini, wageni mgongoni kwangu. Daftari huwa ninalo kwenye kikapu cha mafuta ya taa. Naandika ili nisiwatazame.

Tulianza vizuri. Wameshavishwa vilemba, wameshakandwa miguu na kusomewa viganja, wamekaa kwenye mikeka wanakula. Kiongozi wao kawatangazia. Baba Dakhu kapiga zeze, njuga miguuni, sauti nzuri kweli leo. Kitambaa alikuwa amekwisha kukitandaza mwenyewe gizani, mimi nikaingia na taa. Nikainua mwanga kumfikia shujaa.

Macho!

Meusi, mapana, mabichi bado. Yananiangalia mimi.

Mafuta yalinimwagikia mguuni. Sauti ikakatika. Watu wakadhani ndivyo inavyochezwa, wakapiga makofi. Yeye hakuinua uso. Zeze likaendelea tu — na hapo nikajua. Mtu asiyejua angeshtuka.

Wimbo ulipokwisha nikamuuliza kwa meno yaliyofungwa, nani?

"Mimi," akasema. "Mzee alikuwa anakunja, Mama Dakhu. Nikamtazama shujaa. Nikaona namchukua bwana wangu kipofu, nakuja kumsimamisha mbele ya watu wanaokula. Nilishindwa. Nikamwambia, tia."

Mjinga! Mjinga wa watu! Nilitaka kumpiga na taa. Kisha nikamwona jasho linavyomtiririka chini ya kilemba, na anavyokwepa kukipa kitambaa mgongo, nikataka kulia. Siku nane amelala chini ya mungu aliye macho, hathubutu kuniambia. Ningekuwa pale dukani mimi, ningeweza? Sijui. Sijui kabisa.

Maji yamekwisha kumwagika. Mungu ameamshwa, ameona taa, amesikia jina lake. Na akishaitwa hakunjwi hivihivi kama mkeka. Aimbwe maisha yake yote mpaka kuche. Hilo Baba Dakhu analijua kama mimi.

Robo saa imekwisha. Wapuliza moto wako pembeni wanangoja zamu yao, mienge imeshawashwa. Meneja ananipungia mkono: kunjeni, kunjeni. Baba Dakhu akashika mti wa kushoto uliofungiwa kitambaa, aanze kukunja.

"Ukikunja, sikujui," nikamwambia.

Akauachia. Nami nikakaa hapa.

Nawaza chumba. Nawaza daftari za Dakhu zilizopangwa dirishani, na Jumatatu ana mtihani wa hesabu. Nawaza wale wa Nagaur. Nawaza Bhera, alivyokuwa anaomba maji. Nimewaza vyote na bado miguu haitaki kuinuka.

Wageni wameacha kula, wengine wamesimama kupiga picha. Meneja anakuja, anapita katikati ya mikeka na lile tabasamu lake la kuwekea wageni.

"Mama Dakhu, shuka. Tafadhali, shuka. Nitakufukuza mbele za watu."

Baba Dakhu ameketi kando yangu. Amevua viatu. Zeze kifuani, upinde mkononi.

"Tuanzie wapi?" ananiuliza. Tunajua sote wawili maana ya swali hilo. Zipo sehemu fupi, na upo mwanzo wa usiku mzima.

"Kuzaliwa kwake," nimesema.

Meneja ameshapanda ngazi ya kwanza —