Sanda Ndani ya Furushi Langu

Mtaa wa Gerezani, Jumatano, Rajabu 1954

Eti sanda! Nimefungua furushi la safari niongeze ubani, nikakuta Zuhura, mke wa mwanangu, kanitilia sanda mpya ya Kariakoo.

“Mama, umeshazeeka,” akasema. “Ukifia porini peke yako, nani atakustiri?”

Mwanangu anakunywa chai. Nadhiri ya kwenda kaburini kwa sharifu, mtu wa ukoo wa Mtume, kila mwaka, kwa miguu, niliiweka yeye akiwa mchanga, karibu kukata roho, ili apone.

Naogopa, sikatai. Magoti yananiuma, na mwaka jana nilipotea huko nyuma ya Mbagala.

Lakini kaburi la sharifu hufunikwa kitambaa cheupe, nami sikuwa nacho. Sasa ninacho. Nikirudi nitamwambia Zuhura sanda yake imepata maiti, ila si mimi.