Kinyozi Aliyeuliza Kwanza Kama Una Haraka

Umetimia mwaka mmoja, Baba, tangu asubuhi ile moyo wako uliposimama, nawe umekaa kitandani unavaa viatu vya kwenda kazini. Tunataja moyo kwa sababu mtaani bado wapo wanaosema umeuawa na kizunguzungu. Sivyo. Kizunguzungu uliishi nacho miaka ishirini na sita.

Kilianzia sikio la kushoto: mvumo kama wa jenereta ya jirani, sikio kuziba, kisha chumba kizima kuzunguka. Daktari alikueleza wazi kwamba ni ugonjwa wa sikio la ndani, hauna dawa ya kuumaliza, na usikivu wa upande huo utapungua. Ulipungua, hatimaye ukaisha.

Aliagiza pia upunguze chumvi. Mama alipokuandalia mboga ya kwanza isiyo na chumvi, ulionja ukamwambia, "Mke wangu, hii ni mboga, au ni maji yaliyopita karibu na mboga?" Ukaimaliza yote. Mama naye akaacha chumvi tangu siku hiyo.

Kazi yako ilikuwa kunyoa, na wembe haupatani na kizunguzungu. Wengine walikushauri ufunge kibanda. Wewe uliweka utaratibu. Kabla mteja hajakaa ulimuuliza, "Una haraka?" Kisha ukamweleza: mvumo ukizidi naweka wembe chini, nakaa, unanisubiri. Mwenye haraka ulimwelekeza kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

Wengi walikaa. Shemeji yako, kaka yake Mama, aliwahi kusubiri mlangoni hadi alasiri, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Muuza magazeti akapita.

"Mjomba, hiyo nusu nyingine inanyolewa mwakani?"

"Pilipili iko shamba, wewe yakuwashia nini? Namsubiri fundi wangu."

Toka hapo mtaa ukakuita Mzee Nusu, na wewe ukaliandika jina hilo mlangoni kwa rangi nyekundu. Katika miaka yote hiyo hakuna mteja uliyemkata kwa sababu ya kizunguzungu.

Tuna habari ya kukupa. Kitinda mimba wako, mwalimu wa hesabu, ana ugonjwa huo huo. Mara ya kwanza alipepesuka mbele ya darasa, akasema hakunywa chai asubuhi. Mara ya pili, mwalimu mwenzake alinong'ona kwamba amelewa. Alikuja nyumbani akatangaza kuacha kazi.

"Afadhali niondoke mwenyewe kabla hawajanifukuza."

"Baba yako alimficha nani?" Mama alimuuliza.

"Mimi si Baba."

"Kweli. Yeye alishika wembe, mwanangu. Wewe umeshika chaki."

Jumatatu alimweleza mwalimu mkuu, kisha akaliambia darasa: sikio langu la kushoto linasikia kwa shida, mwenye swali aje kulia, mkiniona nimekaa na kushika meza, endeleeni na zoezi, ni kizunguzungu, kitapita. Jioni tulimuuliza ilikuwaje.

"Wapiga soga wote wamehamia kushoto," alisema. Alicheka, na hatukuwa tumemsikia akicheka kwa wiki kadhaa.

Hatutakudanganya, Baba. Kizunguzungu bado humjia, na daktari anasema usikivu wake huenda ukapungua zaidi. Lakini hajakosa kipindi ila siku mbili muhula huu, na minong'ono imekwisha. Wiki iliyopita mwalimu mkuu alimwomba achukue darasa la mtihani, mwaka mzima. Amekubali.

Tunaokukumbuka ni mke wako, sisi watoto wako wanne, akiwemo mwalimu, wajukuu wako, shemeji yako, ambaye bado anatafuta kinyozi wa kumridhisha, na majirani wote wa mtaa.

Tutakukumbuka siku zote za uhai wetu, Mzee Nusu.