Upepo wa Mgongoni

Jumamosi, 6 Julai

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata bibi: nafasi hii ya kuja kukimbia kwenye michezo ya mataifa niliipata kwa upepo.

Kisiwani kwetu Funafuti hakuna uwanja wa mbio. Tunakimbia kwenye lami ya ndege siku ambazo hakuna ndege. Mita elfu moja na mia tano ni kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, moja kwa moja, hakuna kona. Siku yangu ya kupimwa nilianzia kusini, na upepo ulinisukuma kama mkono wa mtu. Dakika 5 na sekunde 41. Rafiki yangu Pepetua, tuliyekuwa tunawania naye nafasi hiyo moja, alikuwa na homa, akapimwa siku mbili baadaye. Gari la zimamoto lilikuwa limeegeshwa kaskazini, basi Kocha Penieli akamwanzishia huko huko. Akapigwa na upepo usoni mwanzo mwisho. 5:46.

Kocha hakuwaza. Yeye ndiye dereva wa zimamoto, ndiye mpiga king'ora cha kutuondoa lamini ndege ikikaribia, ndiye kocha. Ana mengi. Lakini mimi nina daftari la upepo la somo la jiografia. Siku zote mbili zimo, kwa mwandiko wangu. Nikanyamaza.

Na wakati wa kuagana Pepetua akanipa viatu vyake vya misumari. Kisiwa kizima hakuna vingine vya saizi yetu. "Chukua bwana. Mimi huku nitakimbiza nguruwe navyo?" Akacheka. Nikasema asante. Asante tu!

Sasa tuko Apia, kwenye michezo yenyewe. Nimeamua: nikikimbia chini ya 5:41 kwenye uwanja wa duara, nafasi ni yangu kihalali. Nikishindwa, namwambia Pepetua.

Jumatatu, 8 Julai

Leo ufunguzi, tumepita mbele ya watu wote! Kumi na tisa tu, pamoja na daktari. Shingoni mashada ya makombe ya baharini waliyotutungia mama zetu. Tulipokuwa tunasubiri zamu, jitu moja la timu ya nyuma yetu likauliza, "Ndio nyinyi wote?"

Sulata hakugeuka hata. (Sulata ananyanyua vyuma, na tunalala chumba kimoja.) "Wengine tumewaacha nyumbani," akasema, "wanaishikilia bahari isimeze kisiwa."

Jitu likacheka mpaka likampa mkono. Nami nilitamani niwe mtu wa kujibu hivyo. Mimi jibu langu huja kesho yake.

Kisha likatajwa jina la nchi yetu. Uwanja mzima ukapiga kelele, kwa ajili yetu! Nilikuwa pembeni kabisa, karibu na bendera, na kitambaa kikanipiga usoni mara mbili. Sikukisogeza.

Jumatano, 10 Julai

Mazoezi uwanjani. Kona ni kitu cha ajabu – mwili unataka kwenda baharini, mstari unataka urudi. Nilikanyaga mstari wa ndani mara nne.

Na upepo! Upande wa jukwaa unakusukuma, upande wa pili unakukaba. Kocha akaniita.

"Mbona kule unapunguza, mwanangu?"

"Upepo, Kocha."

"Kwani kwetu hakuna upepo?"

Nilifungua mdomo. Siri ilikuwa palepale ulimini. Basi gari la wagonjwa likapita nje likipiga king'ora, na sote, wakimbiaji watatu na Kocha, tukaruka pamoja tukatua kwenye nyasi! Kocha ndiye aliyeruka mbali zaidi. Watu wa mataifa mengine wakaendelea kukimbia, wanatutazama.

"Ndege inatoka wapi, Kocha?" Sulata alipaza sauti toka jukwaani. "Chini ya ardhi?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha nikarudi kukimbia, siri bado ninayo.

Alhamisi, 11 Julai

Sulata wa nne! Wa nne! Chuma cha mwisho kilimtetemesha magoti, akakisimamisha. Sauti yangu imekauka. Kesho mimi.

Ijumaa, 12 Julai

Tulikuwa tisa. Mlio wa bastola, wote wakaondoka kama walioitwa nyumbani. Mzunguko wa kwanza nilikuwa wa mwisho.

Kwenye kona ya mbali nikasikia sanduku. Wenzangu walikuwa wameazima sanduku la mbao jikoni kambini, wamelizunguka, wanalipiga kama tunavyolipiga kwetu kwenye ngoma: mara ya kwanza taratibu, ya pili upesi, ya tatu mpaka mikeka itoe vumbi. Kila nilipopita walikuwa wameongeza kasi. Miguu ikafuata sanduku, haikuniuliza. Upepo ulinikaba, nikainama, nikaupita. Ukanisukuma, nikaupokea. Kona ya mwisho nikampita msichana mmoja. Wa nane.

Kocha akanijia na saa mkononi, machozi mpaka kidevuni. "Tano thelathini na tisa! Mwanangu, tano thelathini na tisa!" Sulata akaninyanyua juu kabisa, kama chuma chake. Nikaona uwanja wote toka juu. Sijawahi kujiona mrefu hivyo. Nilikuwa na fahari, na sioni haya kuiandika: FAHARI.

Chini ya 5:41. Kwa duara. Yamekwisha, nikajiambia.

Kisha nikavua viatu. Ndani, chini ya kamba, pameandikwa Pepetua kwa kalamu.

Nilijitungia mtihani mwenyewe, nikaufanya, nikausahihisha. Yeye hakupewa hata karatasi.

Jumamosi, 13 Julai

Asubuhi nimeomba simu ya Kocha. Pepetua amepokea mlio wa kwanza tu.

"We Selepa! Wa nane! Tumesikia redioni, bibi yako kamwaga chai! Viatu vimekubana?"

"Havikubana."

"Niko lamini hapa, nafanya mazoezi. Umeniharibia, sasa lazima nami nishuke tano thelathini na kitu. Haya, sema!"

Nikasema. Haraka, nisije nikabadilika. "Siku zile tulipopimwa. Upepo ulikuwa nyuma yangu. Kwako ulikuwa usoni. Nilijua toka siku uliyopimwa wewe, nimeandika daftarini. Sikumwambia Kocha. Sikukwambia wewe."

Upepo tu kwenye simu, upepo wa kwetu.

Halafu nikasikia king'ora. Kile chetu, kirefu; Kocha akiwa huku, msaidizi wake ndiye anayekipiga.

"Subiri," akasema. Sauti yake sikuielewa. "Niko katikati. Ndege inakuja. Usikate."

Nikasikia akikimbia. Miguu mitupu inapiga lami.

Sikukata. Nikakaa kwenye ngazi za kambi, viatu vyake mapajani, simu nimeibana kwa bega, nikafungua daftari hili na kuanza kuandika. Ndege naisikia sasa. Bado haijatua, nami nasubiri jibu lake.