Kona Niliyoifunua

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku ofisini tumeletewa viti vipya, na mama anaendelea vizuri. Daktari alichukua ngozi pajani mwake, nyembamba kama karatasi, akaitandaza juu ya kidonda cha moto mguuni. Akatuonya bandeji isiguswe siku tano, ngozi isije ikahama kabla ya kushika.

Siku ya tatu hofu ilinizidi, nikainua kona moja nichungulie. Mama akanipiga kibao mkononi.

"Wewe karani, hili si faili!"

Jana daktari aliilowesha bandeji, akaibandua taratibu. Shangazi, ngozi imeshika! Aliibonyeza kwa kidole ikapauka, akaachia, damu ikarudi palepale. Kipande cha paja sasa kinaishi mguuni.

Ila kona moja, upana wa ukucha, ilikuwa nyeusi.

"Nani alifunua hapa?"

"Mimi, daktari," mama akawahi. "Paliniwasha."

Daktari anasema hapo patajifunga penyewe, ngozi ya pembeni itatambaa kidogo kidogo hadi ikutane. Nilitaka kukiri, lakini mama alinikazia macho. Basi nakiri kwako.

Mimi mtoto wa kaka yako,
ndiye aliyeifunua ile kona.