Bwawa Tupu Asubuhi ya Mtihani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, Malindi, Wilaya ya Lushoto
Jina: Raheli Danieli Shekolowa. Umri: miaka 34. Kabila: Msambaa. Dini: Mkristo. Kazi: mwalimu wa kuogelea. Makazi: Malindi.
Tarehe 16/9/2025, saa tisa na dakika ishirini alasiri.

Mimi ndiye mwenye jina hapo juu. Nafundisha watoto kuogelea kwenye bwawa ambalo serikali ilitujengea mwaka jana. Mzee Kassimu Hozza, mliyemweka mahabusu, ndiye mlinzi wa bwawa hilo. Pia ni msimamizi wa ndiva, lile bwawa la udongo la mababu linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi ili watu wamwagilie mashamba kwa zamu.

Mnamo tarehe 16/9/2025, yaani leo, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nilifika kazini nikakuta bwawa tupu. Tupu kabisa, vigae vinang'aa. Saa tatu Bwana Faraji, mkaguzi kutoka Tanga, alikuwa anakuja kuwapima watoto ishirini na wanne, mita ishirini na tano kila mmoja. Wakishindwa, mafunzo yanahamishiwa kata nyingine. Nilikaa chini nikalia, sifichi.

Mzee Kassimu alikuwa amesimama kwenye koki ya kutolea maji. Hata shikamoo sikumpa, na hilo linaniuma mpaka sasa. Aliniambia kwamba saa kumi na moja alfajiri aliona maji yanatiririka nje ya ukuta.

"Ndiva ikivuja ukutani inapasuka, mwalimu," alisema. "Huko chini kuna nyumba saba. Nikafungua."

Afande, yale maji yalikuwa yanatoka kwenye bomba la kupunguzia maji yakizidi, kama inavyotakiwa. Jana jioni mimi mwenyewe nilijaza bwawa mpaka ukingoni ili mgeni alione limejaa, na mzee sikumweleza habari za bomba hilo. Andika hivyo. Hakuharibu mali ya umma. Alifanya ambacho yeyote aliyekulia kwenye ndiva angefanya. Kosa ni langu. Lakini mtendaji wa kata alipofika hakutaka kusikia, akawaita ninyi. Maji yakimwagika hayazoleki, kila mtu alinikumbusha, kana kwamba mimi sijui.

Mzee alipokuwa anapandishwa pikipiki alinigeukia akasema, "Ndiva imejaa. Zamu ni ya Zakia. Kamwombe." Huyu ni mtu ambaye miaka thelathini amekuwa akiwafukuza watoto kwenye ndiva kwa fimbo.

Nilikimbia. Nilimkuta Zakia kwenye ndiva na jembe mkononi, anataka kuizibua. Kabichi zake zilikuwa na siku sita bila maji, zamu ikipita imepita, na hana mtoto hata mmoja kwenye mtihani ule. Nilimweleza. Aliliweka jembe chini, akaukalia mpini.

"Zitavumilia," alisema. "Walete."

Bwana Faraji alipoona maji yana rangi ya chai ya maziwa alicheka kidogo. Niliingia mimi kwanza, nikapapasa chini kwa miguu kila kona, hakuna kisiki wala jiwe. Kwa upana mita hazikutimia. Tulipima kona kwa kona, zikatimia. Baridi ilikuwa ya kung'ata. Watoto ishirini na wawili walivuka, wawili walishika kamba ya kuokolea, watarudia. Hawa mwaka jana walikuwa wanaogopa maji ya magotini. Mafunzo yanabaki hapa hapa, mkaguzi ametia sahihi. Najivunia, afande, na sioni haya kulisema polisi.

Wa mwisho alikuwa Nasra, miaka kumi, mjukuu wa mzee Kassimu, anayelelewa naye. Katikati alimeza maji, nikajua anarudi. Hakurudi. Alijilaza chali kama nilivyomfundisha, akapumua, akageuka, akaendelea mpaka akagusa ukuta. Kisha akaangaza macho ukingoni akimtafuta babu yake. Babu yake alikuwa huku kwenu.

Uliniambia niseme niliyoyaona tu, na hayo ndiyo niliyoyaona. Naomba hapo kwa Nasra mkamsomee mzee huko ndani, maana yeye hakuona. Haya ndiyo maelezo yangu, sipunguzi neno.

Sahihi: R. D. Shekolowa

Maelezo haya nimeyaandika mimi, WP Koplo Loveness, na kumsomea shahidi, naye amekubali kuwa ni sahihi. Shahidi amemdhamini mtuhumiwa. Kabla ya kutolewa, saa kumi na nusu, mtuhumiwa amesomewa sehemu inayomhusu mtoto Nasra. Ameomba isomwe tena. Imesomwa.