Idhini ya Baba

Bukoto, Kampala
14 Machi 2024

Kwako Yaya Olivia, dada yangu mkubwa,

Natumaini waraka huu unakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kikohozi kilichokusumbua wakati wa Noeli kimekwisha. Mimi sina ugonjwa. Baba yu hai. Jeraha la upasuaji limefunga, na homa haijarudi kwa wiki tatu.

Uliniuliza kwa nini siku hizi, ukipiga simu ili umsikie Baba, anayemshikia simu ni jirani yetu Nakhisa, wala si mimi. Nitakujibu kwa utaratibu, maana jambo hili ukilisoma nusu utalielewa vibaya.

Tangu kiharusi cha Agosti, Baba ana kile ambacho madaktari hukiita afasia: akili ipo, lakini njia ya maneno imeharibika. Haikuharibika sawasawa. Nilifungua daftari, kama nilivyozoea nilipofundisha lugha chuoni Bukavu, nikawa namjaribu kila asubuhi baada ya chai. Nikitaja sabuni, hutazama beseni. Nikitaja sombe, majani yetu ya muhogo, hucheka na kujigusa tumbo. Lakini nikitaja haki, au tumaini, au uamuzi, hunitazama kwa upole, akingoja nimalize, kisha husema ndiyo. Katika majina sitini ya vitu alielewa hamsini na moja. Katika maneno sitini ya mambo yasiyoshikika, alielewa manne.

Neno hilo, "ndiyo", humtoka bila taabu, liwe lina maana au halina. Acayo, muuguzi wa wodi yake, binti wa askari aliyekulia kambi ya polisi, alilitambua siku ya kwanza Baba alipolazwa. Aliniambia kwa Kiswahili chao cha kambini: "Huyu mzee nakubali kila kitu. Mimi nauliza yeye, mzee, wewe ni bibi harusi? Yeye nasema ndiyo." Wodi nzima ilicheka, na Baba akacheka nao.

Januari, mguu wake wa kushoto ulioza kwa kisukari. Daktari Okullo alisema ukatwe juu ya goti, la sivyo Baba hatamaliza wiki mbili. Unaujua msimamo wake: kidonda kilipoanza, kabla ya kiharusi, alituapia sisi sote wawili kwamba atazikwa na miguu yake yote miwili. Daktari hakuwa na habari hiyo, nami sikumpa. Aliniomba nimsomee Baba fomu ya idhini kwa Kiswahili, akasimama kando ya kitanda apate kusikia jibu kwa masikio yake.

Nilikuandikia kwamba Baba alikubali. Ulimshukuru Mungu, ukausimulia ujasiri wake kanisani. Nakuomba usiusimulie tena.

Ningeweza kusema: mguu, kisu, kukata. Angeelewa, na angekataa. Badala yake nilimuuliza kama anaridhia utaratibu wa matibabu kwa manufaa ya afya yake. Sentensi hiyo haina uongo. Nilikuwa nimeiandaa tangu asubuhi, daftari likiwa wazi mbele yangu, nikiondoa kila neno ambalo angeweza kulishika. Alinitazama kwa upole ule ule, akasema ndiyo. Acayo alikuwa akitandika kitanda cha pili. Aliacha shuka, akanitazama, kisha akaendelea na kazi.

Alipozinduka, Baba alipapasa godoro upande wa kushoto, akasema mguu. Alilisema neno hilo siku kumi na tisa, akiniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimletea maneno. Siku ya ishirini nilimjibu. Nilichora mguu, nikachora kisu, nikajigusa kifua. Aliushika mchoro kwa muda mrefu. Kisha akasema hapana, neno ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu Agosti.

Tangu hapo hali chakula mkononi mwangu. Nakhisa humlisha, nami hukaa ukumbini hadi amalize. Sikuandikii ili unitetee mbele ya ndugu; waambie nilivyofanya.

Nisalimie shemeji na watoto, na Mama Esperance wa kwaya. Nilimpelekea Baba picha yako ili nipate salamu ya kukuletea. Aliipokea, akaiweka kifuani, akanigeuzia mgongo.

Mdogo wako,
Emérence